Mbega Mweupe, Karatasi Nyeupe

Rafiki yangu aliishika printi kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu bila kusema kitu. Mama mbega ameketi kwenye panda la mti, mkia wake umening'inia, kifuani amepakata kichanga mweupe pe. Siku niliyopiga picha hiyo tulikuwa pamoja, yeye na darubini, mimi na kamera, shingo zimetuuma kwa kutazama juu.

"Imetoka vizuri," akasema mwishowe. "Ila kule hakukuwa hivi, ndugu yangu. Kule kila kitu kilikuwa kijani. Hata huyu mtoto alikuwa na ukijani."

Nikamwambia nimeondoa tu ile rangi ya majani iliyomwagikia manyoya. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, uso wa waridi, na hukaa hivyo kwa muda kabla weusi haujaanza kuingia. Hilo halina ubishi.

"Najua kuwa ni mweupe," akasema. "Mimi nasema alivyoonekana."

Hatukuendelea nalo, tukaongea mengine.

Lakini kauli yake imenisumbua kwa wiki kadhaa, kila nikikaa mbele ya skrini, kila nikiingiza karatasi kwenye printa.

## Kijani kilitoka wapi

Ukisimama mchana chini ya miti iliyofungamana, nuru inayokufikia imeshachujwa. Klorofili iliyo ndani ya majani hunywa zaidi nyekundu na buluu, na kijani ndicho kinachopenya, au kuruka kutoka jani hadi jani mpaka chini. Kitu cheupe kilicho ndani ya kivuli hicho hupokea nuru hiyo na kuirudisha kama ilivyokuja. Kwa hiyo kamera haikukosea. Kwa kipimo cha nuru, kichanga yule alikuwa kijani.

Jicho la binadamu lina desturi nyingine. Ukikaa kidogo katika mwanga wa rangi fulani, ubongo huanza kuipunguza rangi hiyo ili vyeupe viendelee kuonekana vyeupe. Ndiyo maana ukurasa huonekana mweupe chini ya taa ya manjano usiku, na mweupe vilevile juani, ingawa nuru zinazotoka juu yake zimeachana mbali. Upunguzaji huo huwa haukamiliki, hasa rangi inapokuwa nzito kama ya msituni. Kitu hubaki. Rafiki yangu alikumbuka hicho kilichobaki.

Kwa hiyo nina weupe wa aina tatu kwa mnyama mmoja. Upo weupe wa manyoya yenyewe, ambao ungeuona kama angeketi juani. Upo ule uliopimwa na kamera, wenye kijani chote. Na upo ule wa macho yetu siku ile, ulio mahali fulani katikati.

Nichape upi?

## Faili halitoi ushahidi niliouomba

Wazo langu la kwanza lilikuwa kurudi kwenye asili. Napiga kwa faili ghafi, lile linalohifadhi kila kitu ambacho kihisi, kile kipande kinachopokea nuru ndani ya kamera, kilikusanya kabla kamera haijaamua lolote. Niliamini kuwa nikirudisha vitelezi vyote vya kurekebishia picha kwenye sifuri, nitaukuta msitu jinsi ulivyokuwa.

Haiko hivyo, na kulijua hilo kumebadilisha namna ninavyohariri kuliko jambo lingine lolote nililojifunza.

Katika kamera nyingi, kila nukta ya kihisi hupima rangi moja tu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya nukta zimefunikwa kichujio cha kijani, robo nyekundu, robo buluu. Nukta iliyopima kijani haijui lolote kuhusu nyekundu iliyoangukia hapohapo. Programu ndiyo inayotazama nukta jirani na kukisia mbili zilizokosekana. Kisha inakuja mizani ya weupe, na hiyo ndani ya faili ni maelezo yaliyobandikwa pembeni tu: namba ambazo kamera inapendekeza nyekundu na buluu zizidishwe ili kitu fulani kiitwe cheupe. Ukizibadilisha hujaharibu chochote, kwa sababu hakukuwa na rangi iliyokamilika ya kuharibu.

Nililifungua faili lilelile katika darktable, kisha katika RawTherapee, programu mbili za bure. Vitelezi vyote nikaviacha vilivyo. Nikapata misitu miwili. Mmoja ulikuwa na kijani cha njano kidogo, mwingine kijani kilichopoa, na kichanga naye akabadilika pamoja nao. Hakuna iliyodanganya. Kila moja ilisoma vipimo vilevile kwa kanuni zake.

Basi sina picha ya asili ya kuirudia. Nina vipimo, na nina kumbukumbu za watu wawili.

## Printa haina wino mweupe

Kwenye skrini swali hili linaweza kuahirishwa maisha yote. Anayeitazama picha kwenye simu ameshapunguza mwanga wa simu yake, au amewasha ile hali ya usiku inayoifanya iwe ya manjano, na wewe hutajua. Unahariri leo, unabadilisha kesho, faili halilalamiki. Karatasi inataka jibu.

Katika printa za kawaida za picha, za wino, weupe hauchapwi. Weupe ni karatasi yenyewe pale ambapo wino haukufika. Manyoya ya kichanga yanapofika kiwango cha juu kabisa, 255 kwa nyekundu, kijani na buluu, printa hairushi tone hata moja, na unachokiona ni karatasi tupu yenye umbo la mtoto. Kwenye karatasi ya kung'aa jambo hilo huonekana hata kwa mguso wa nuru: ukiinamisha printi, sehemu isiyo na wino hung'aa tofauti na zilizo nao, hasa kwa wino wa pigmenti ambao chembe zake hukaa juu ya karatasi. Mtoto anageuka kuwa tundu katikati ya picha.

Ndipo nilipoanza kuushusha mwanga wa juu kabisa hadi 245 hivi, ili wino kidogo uguse kila unyoya. Kwenye skrini tofauti haionekani. Kwenye karatasi mtoto anapata mwili.

Na kwa kuwa weupe ni karatasi, kuchagua karatasi ni kuchagua weupe. Karatasi nyingi zinazoitwa nyeupe sana zimetiwa kemikali za kung'arisha: hupokea miale ya urujuanimno isiyoonekana na kuirudisha kama buluu. Dirishani huwa nyeupe kupita kiasi. Chini ya taa isiyo na miale hiyo hufifia, na miaka ikipita kemikali zenyewe huchoka, karatasi ikaanza kuelekea manjano. Nimeziacha. Kwa mbega natumia karatasi ya barita, yenye tabaka la salfeti ya bariamu chini ya tabaka linalopokea wino, kitu kilichotumika tangu enzi za chumba cha giza. Weupe wake umetulia. Haupigi kelele dhidi ya kijani.

## Upande wa weusi

Mbega ni mtihani wa ncha zote mbili. Nilipopiga picha ilinibidi nimlinde mtoto asiunguzwe na mwanga, na kwa kumlinda yeye nikamsukuma mama gizani.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mpiga picha wa wanyama weusi anapaswa kuijua. Faili la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila nukta. Lakini kihisi huhesabu nuru moja kwa moja, na kila hatua ya mwanga ni maradufu ya iliyo chini yake, kwa hiyo hatua ya juu kabisa peke yake huchukua nusu ya ngazi hizo, 8,192. Hatua inayofuata hupata 4,096, inayofuata 2,048, na kadhalika kuteremka. Ukifika kwenye kwapa la mama mbega, zimebaki ngazi chache, na nuru yenyewe iliyofika huko ilikuwa haba. Ukizivuta juu, chembechembe, yale madoa madogo ya picha iliyokosa nuru, zinakuja pamoja nazo.

Kisha karatasi inakuongezea sharti lake. Skrini nzuri ya kawaida inaweza kuonyesha weupe wenye nguvu mara elfu moja hivi kuliko weusi wake. Karatasi ya kung'aa au ya barita hufika karibu mara mia mbili. Karatasi isiyong'aa, ile ya pamba inayopendwa na wengi kwa upole wake, ni kama mara arobaini tu, kwa sababu hata weusi wake mzito kabisa bado hurudisha asilimia mbili au tatu ya nuru. Ngazi zote ulizoziona kwenye skrini lazima zibanwe ziingie humo, na mtu fulani ataamua kipi kibanwe. Ama wewe, ama printa.

Nilijaribu mama mbega kwenye karatasi ya pamba. Ilikuwa printi laini, ya kupendeza, na mkono wa mama ulipotea ndani ya tumbo lake. Mkono ule ndio uliomshika mtoto. Bila mkono, mtoto anaelea.

Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka kwenye barita, zaidi ya uzuri wa karatasi. Na hata huko sikuyainua manyoya yote meusi. Niliinua ukingo wa mkono pekee, mstari wa nywele unaotenganisha mkono na kifua, mgongo nikauacha uende gizani. Msituni tuliuona mkono, mgongo hatukuuona. Kwa hilo rafiki yangu na mimi tunakubaliana.

## Kwa nini printi hutoka na giza

Hili ni fupi kwa sababu jibu lake ni fupi, ingawa huwakatisha tamaa watu wengi mwanzoni. Skrini hutoka kiwandani ikiwa na mwanga mkali mno, mara nyingi kandela 250 au zaidi kwa mita ya mraba. Ukihariri humo unaipunguza picha ili isikuumize macho, na karatasi, isiyo na taa ndani yake, inakurudishia giza hilo. Shusha skrini hadi kati ya kandela 80 na 120, iweke kwenye kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya nuru, namba ikishuka njano huzidi) na gama 2.2 (jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe), na uitengeneze kwa kifaa cha kupimia rangi badala ya macho. Zima mapambo ya rangi nyuma ya dirisha la programu, kijivu kinatosha. Na katika programu na printa, mmoja tu ndiye asimamie rangi. Vyote viwili vikishika profaili ya karatasi, faili linaloeleza jinsi karatasi na wino vinavyotoa rangi, kwa wakati mmoja, rangi hurekebishwa mara mbili na picha hutoka imeelekea kwenye zambarau au nyekundu.

Basi. Baada ya hapo giza linalobaki ni la kwako mwenyewe, umelichagua.

## Vipande vidogo, asubuhi ya pili

Kuona karatasi kupitia skrini, ile hali ya programu inayoiga karatasi na wino kwa kutumia profaili, kunasaidia. Ukiiwasha picha inaonekana imekufa ghafla: weupe unashuka, weusi unapauka. Ushauri mzuri niliousikia ni kugeuza uso pembeni wakati wa kuiwasha, ili jicho lisishuhudie mshuko huo, kisha uitazame kama picha mpya. Lakini kuiga hakutoshi, kwa sababu skrini bado inang'aa na karatasi haing'ai.

Kinachotosha ni kipande.

Sichapi tena picha nzima ili kujaribu. Nachukua sehemu tatu za picha zenye mashaka, katika mbega huyu uso wa mtoto, mkono wa mama na majani yaliyo nyuma yenye mwanga, nazipanga kwenye karatasi moja ndogo katika hali kadhaa: kijani chote, kijani nusu, kijani kidogo, bila kijani. Nyuma ya kila kipande naandika nilichofanya. Kisha naviacha.

Kuviacha ni sehemu ya kazi. Wino ulioingia sasa hivi haujatulia. Weusi hubadilika kadiri unyevu unavyotoka, na rangi nyingine husogea kidogo. Asubuhi ya pili navitazama dirishani, kisha chini ya taa ya chumba ambacho picha itakaa. Kwenye uchapaji wa kitaalamu printi huamuliwa chini ya nuru ya kelvini 5000. Nyumbani picha huishi chini ya taa ya 2700 jioni nzima, na taa hiyo inamwaga njano juu ya kila kitu. Kipande cha kijani nusu kilichokuwa sahihi dirishani kilikuwa kama kimeota ukungu chini ya taa. Kile cha bila kijani kikawa na rangi ya siagi.

Na hapa nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Ukingo mweupe wa karatasi unaozunguka picha hutoa hukumu. Jicho linauchukua kama kipimo cha weupe, na kila kilicho ndani ya picha hulinganishwa nao. Msituni hatukuwa na ukingo. Kijani kilikuwa kila mahali, juu, chini, kwenye mikono yetu wenyewe, na ubongo ukapata nafasi ya kukisamehe. Kwenye karatasi msitu ni dirisha dogo katikati ya weupe, na kijani kilekile kinaonekana kizito kuliko tulivyokiona. Nilipokikata kipande na kukiweka juu ya ubao wa kijivu kilichokolea, kijani nusu kilitulia papo hapo.

Kwa hiyo hata kama ningeijua kwa uhakika rangi iliyofika machoni mwetu siku ile, kuinakili kama ilivyo kusingemwonyesha mtazamaji tulichokiona.

## Unyoya ambao haukuwepo

Pana jaribu jingine, na hili linanitia wasiwasi zaidi ya rangi.

Chini ya miti nalazimika kuikuza nuru haba ndani ya kamera, kwa ISO 3200 au juu zaidi, na chembechembe hujaa. Siku hizi programu zenye akili mnemba huzifuta kwa kubofya mara moja, na manyoya yanatoka yamechambuliwa mojamoja. Mara ya kwanza nilishangilia. Nikalikuza shavu la mama mbega mpaka mwisho, nikalinganisha na faili lisiloguswa, na pale ambapo kamera ilikuwa na ukungu wa chembe, programu ilikuwa na nywele zenye mwelekeo, unene na ncha. Zimetoka wapi? Zimetoka kwenye maelfu ya picha ambazo programu ilifundishwa nazo. Huenda ni nywele za mbega mwingine. Huenda ni za paka.

Nani atajua? Hakuna. Ndilo linalonisumbua.

Karatasi ilinipa njia ya kutoka. Kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli moja ina upana wa milimita 0.085. Chembe inayokukera unapoikuza kwenye skrini, kwenye printi iliyo umbali wa mkono huwezi kuiona hata ukiambiwa ilipo. Kinachoonekana ni umbile jepesi, na umbile hilo husaidia manyoya. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikichapwa kwa A3 huwa na zaidi ya 350 kwa inchi, ni nyingi. Sisi wa wanyama hukata sana, na ukibakiza nusu ya upana unashuka hadi karibu 180, ambapo chembe huanza kujitokeza. Hata hapo naona heri chembe ya kweli kuliko unywele wa kukisia.

Napunguza chembechembe za rangi, zile doa nyekundu na kijani ndani ya weusi, kwa sababu hizo hakuna aliyeziona. Za mwanga naziacha nyingi. Kuinoa picha nafanya mwisho kabisa, baada ya kuifikisha kwenye ukubwa wa karatasi, na naipeleka mbali kidogo kuliko skrini inavyoridhia, kwa kuwa wino husambaa kwenye karatasi na kulegeza ncha. Macho hupata zaidi. Majani ya nyuma hayapati kabisa.

## Sheria zinaishia wapi

Nilitafuta msaada kwa waliotangulia. Februari 1982 jarida la National Geographic liliweka jaladani picha ya piramidi za Giza, Misri, iliyokuwa imelala, na ili isimame, piramidi zikasogezwa karibu kwa kompyuta. Lawama zake zinasimuliwa hadi leo. Katika shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year, mshindi wa 2009, picha ya mbwamwitu akiruka lango, alivuliwa ushindi mwanzoni mwa 2010 baada ya majaji kuhitimisha kuwa huenda mnyama yule alikuwa wa kufunzwa. Mwaka 2018 picha nyingine iliyoshinda, ya mnyama mla mchwa huko Brazili, iliondolewa kwa kudhaniwa kuwa mnyama hakuwa hai, bali ngozi iliyokaushwa na kujazwa. Wapiga picha wote wawili walikanusha. Ndiyo maana mashindano makubwa hudai faili ghafi: wanataka kujua kilichokuwepo mbele ya lenzi.

Naliheshimu hilo kabisa. Lakini sheria hizo zinahesabu vitu. Mnyama alikuwepo au hakuwepo, tawi liliondolewa au halikuondolewa. Kuhusu nuru husema tu kwamba marekebisho yasipotoshe, na hapo unabaki peke yako na kitelezi.

Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani, alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, na akaichapa tena na tena kwa miongo. Katika printi za mwanzo anga ina mawingu mepesi yanayoonekana. Za baadaye anga imekolea weusi, mwezi umebaki peke yake. Negativu ni moja. Kwa muda mrefu nilizipenda hizo za baadaye bila kuuliza. Sasa najikuta nikiuliza ni ipi aliyoiona jioni ile akiwa amesimama kando ya barabara, na sidhani kama swali hilo linazipunguzia thamani. Yeye alikuwa akichapa jinsi alivyoguswa, na hakuficha. Mimi nachapa mnyama ambaye wengi watakaomwona ukutani hawatamwona kwingine. Nikimtoa na rangi za studio, watadhani anaishi kwenye nuru ya studio.

Wapo walionishauri nichape kwa nyeusi na nyeupe, mnyama mwenyewe ana rangi hizo, na mjadala wa kijani ungeisha. Nilichapa. Ni printi yenye nguvu, nitaitunza. Ila niliiona kuwa njia ya kulikwepa swali: kijani ndicho kilichokuwa makazi ya yule mama, na kwa kukiondoa nimemtoa msituni.

## Nilipofika

Printi iliyo ukutani sasa ina kijani kidogo. Kwenye manyoya ya mtoto, kijani kinazidi nyekundu na buluu kwa namba chache tu kati ya zile 255, pungufu sana ya kile kamera ilichopima, pungufu hata ya kile ninachokikumbuka, kwa sababu ya ukingo na taa nilizozieleza. Kivulini, chini ya kidevu cha mama na kwenye upande wa mtoto unaotazama majani, nimekiacha kingi zaidi. Upande wa juu, palipo na tundu la anga, nimekiondoa karibu chote, kwa kuwa pale nuru ilitoka mbinguni moja kwa moja. Kazi hiyo ya kugawa nuru kwa mahali ilinichukua muda kuliko mengine yote, na naona ndipo picha ilipokuwa ya msituni. Mtoto anaonekana mweupe zaidi kuliko alipokuwa mweupe kabisa. Jicho linapopata dalili ya kijani linafanya lenyewe kile lilichofanya siku ile.

Nimeanza pia kuandika nyuma ya kila printi kwa penseli, maana penseli haivuji kupita karatasi wala haififii upesi. Naandika mnyama, msitu, mwezi na saa ya siku, karatasi na wino, kisha nilichogusa: mkono wa mama umeinuliwa, kijani kimepunguzwa, hakuna kilichoondolewa. Kipengele hicho cha mwisho kinanibana kuliko nilivyotarajia. Nina picha ya mbega dume akiruka, mikono wazi, joho lake jeupe limetanda, na kijiti kimoja kinakatiza jicho lake. Kukifuta ni kazi ya sekunde. Kila nikifikiria sentensi nitakayolazimika kuiandika nyuma, naifunga programu. Kwa sasa nimechapa vipande vyake tu, vyenye kijiti, nione kama kwa ukubwa wa A3 jicho linaweza kustahimili kukatizwa.